Siku Tulipoiharibu Barabara Ili Itengenezwe

Kama hujawahi kukimbiza ringi ya baiskeli juu ya lami mpya, lami ambayo bado inanuka moto, basi samahani, utoto wako ulikuwa na upungufu. Sisi wa Kanyenye wa enzi zile tulikua juu ya lami. Asubuhi ikiwa vuguvugu tulikaa juu yake tukicheza mdako. Saa saba mchana iliunguza, ukaivuka kwa ncha za vidole huku unapiga mayowe. Pembeni mama zetu walianika michembe, na ringi yako ikiyumba kuelekea kwenye vile viazi, ulisikia jina lako likiitwa lote, la ubatizo na la ukoo.

Mtaa wetu ulianzia kona ya duka la mafuta ya taa ukaishia mlangoni kwetu: hatua mia mbili na arobaini. Nilizihesabu kwenda na kurudi. Kurudi zilitoka mia mbili arobaini na mbili, lakini nilikuwa nimebeba maji. Mwalimu wetu alituambia Tabora hii ilitengenezwa na miguu ya wapagazi, waliopita na meno ya tembo mabegani mpaka njia ikawa ngumu kama sakafu. Tuliwahurumia. Maskini, hawakuwahi kuona ringi ikiteleza!

Basi habari ikaja. Mafundi waliokuwa wakitengeneza barabara kubwa wamebakiwa na lami ya kutosha mtaa mmoja mdogo, na Jumatatu fomeni wao angepita kuchagua: mtaa wetu au mtaa wa nyuma. Mtaa wa nyuma! Wale waliotufunga rede mara tatu, nne ukihesabu na ile waliyoiba.

Mama yangu aliuza michembe na karanga sokoni, na shule yake ya biashara nilihitimu kabla sijaanza darasa la kwanza. "Ukisifia kitu hujakinunua, umekwisha," alikuwa akisema. "Na ukienda kuomba, usiende umependeza." Nikapiga hesabu. Mtaa wa nyuma ulikuwa na mashimo manane. Sisi tulikuwa na mawili tu, na nyufa za hapa na pale. Tungeshindwa kwa umaridadi wetu wenyewe!

Jumapili baada ya misa, wazazi wakiwa wamelala na ugali tumboni, niliwakusanya Kulwa na Doto, pacha wa nyumba ya jirani. Kulwa alileta jembe, Doto akaleta kipande cha nondo. Tulianzia kwenye nyufa. Lami ikabanduka kama ukoko wa sufuria! Tulichimba, tukacheka, tukafukuza kuku waliokuja kuangalia. Jioni tulikuwa na mashimo tisa. Nikahesabu tena: tisa. Tumewazidi moja.

Jumatatu alfajiri mama zetu walitoka na mafagio. Walikuwa wamekubaliana kuufagia mtaa wote ili mgeni aukute safi. Mama akafika kwenye shimo la kwanza, akasimama.

"Hili jana lilikuwepo?"

"Malori ya tumbaku hayo, mwenzangu," akajibu Mama Kulwa. "Yatatumaliza."

Sisi watatu tulikuwa tunatazama mbinguni, kama watu wa kutabiri mvua.

Fomeni alikuja akitokea kuukagua mtaa wa nyuma, na fimbo ya chuma na ndoo ya chokaa ya kuwekea alama. Mtaa mzima ulimwamkia shikamoo, hata wazee waliomzidi umri. Akatembea taratibu, anagonga, anatazama. Alipofika shimo la tisa akafunika ndoo yake.

"Tunakwenda mtaa wa nyuma," akawaambia mafundi.

"Baba, mbona ule una mashimo machache kuliko huu!" Mama akasema.

"Ndiyo maana, mama. Hii tunayomwaga ni nyembamba, unene wa kidole gumba. Ni shuka, si godoro. Unaifunika barabara ingali na nguvu, maji yasipenye, ikudumie miaka. Iliyooza ukiifunika umeizika tu, na mvua ya pili inafufuka."

Ile methali ya ufa na ukuta tulikuwa tumeiandika darasani mara mia kwa adhabu. Hakuna aliyetuambia kwamba inahusu barabara.

Mama akautazama mtaa aliotoka kuufagia. Mwanamke huyu aliweza kugombea fungu la nyanya mpaka muuzaji akaomba poo. Siku hiyo alisema tu, "Haya baba, asante kwa kuja." Hakubishana hata kidogo! Nikajikuta nimesimama mbele ya fomeni.

"Shikamoo. Yale mashimo si ya barabara. Ni yetu."

"Yenu vipi?"

"Tumeyachimba jana. Saba kati ya tisa. Nimehesabu mara mbili."

Fomeni akachuchumaa, akamega ukingo wa shimo: mweusi, unang'aa, haujashika hata vumbi. Akagonga chini kwa fimbo. Ngo! Ngo! Pagumu.

"Kwa nini mlichimba?"

"Tulitaka tuonekane tuna shida zaidi."

Mafundi wakaangua kicheko. "Huyu atakuwa mfanyabiashara," fomeni akasema.

"Atakuwa marehemu kwanza," akasema Mama.

Fomeni akainuka. "Chini pazima, kwa hiyo nitaziba kwanza, halafu nifunike. Lakini kuziba kutakula lami. Nitaishia hatua hamsini kabla ya mwisho."

Mwisho wa mtaa ulikuwa mlango wetu.

"Ishirini," nikasema.

"We mtoto! Arobaini na tano."

"Ishirini na tano, na tunakufagilia."

"Kumeshafagiliwa. Arobaini."

Mama akanifinya bega. Haikuwa finyo ya hasira. Ilikuwa finyo ya sokoni, ile ya kukwambia usipande haraka. Tukapatana thelathini.

Jamani, siku ile! Lori likainua mgongo, lami ikamwagika inafuka moshi, mafundi wakaitandaza kwa reki, gari la kushindilia likapita likinguruma mpaka vikombe vikacheza kabatini. Mtaa mzima ulitoka. Babu mmoja mgonjwa alibebwa na kiti chake ili aone. Watoto wa mtaa wa nyuma walikuja kuchungulia kwenye kona, na Doto akawauliza kama wamepotea njia.

Mama hakunichapa. Alinipa tu zile hatua thelathini mbele ya mlango wake nizifagie kila asubuhi mpaka namaliza darasa la saba. Nilizijua ufa kwa ufa. Masika baada ya masika maji yalipenya, zikameguka, zikawa vumbi, wakati pale lilipopita shuka jembamba barabara iliendelea kung'aa miaka na miaka.

Mwaka huu mafundi wa barabara wamerudi. Safari hii mtambo umetengeneza upya kile kipande kilichooza, kisha ukatandika tabaka lile lile jembamba mtaa wote, hadi mlangoni kwa Mama. Nilifunga duka langu nikakimbia kwenda kuona! Mama alitoka na mkongojo, akasimama ukingoni.

"Imefika," akasema. Basi. Sikujua kwamba miaka yote hiyo alikuwa bado anaisubiri.

Nikamwita mpwa wangu aje aone. Alijibu kutoka ndani, "Shangazi, hao wanapiga kelele, hata video sisikii." Ndiyo vijana wetu. Wakiona shimo hulipiga picha, wakalituma, likapata mioyo mia tatu, na shimo likabaki pale pale, sasa likiwa maarufu. Mtaani tulikuwa watazamaji wawili, mimi na Mama. Lami ni ile ile, pengine nzuri zaidi. Lakini mimi ninayebishana hata na bei ya kiberiti, ningeuziwa Jumatatu ile, na mtaa umejaa watu na Mama ameshika ufagio, ningelipa bei ya kwanza itakayotajwa.