Maonyesho ya Migongo ya Mabango

Mtunza nyaraka wa chuo cha ubunifu aliitwa Mama Taratibu, na jina hilo alilipata kihalali. Ukigusa bango la zamani, "Taratibu." Ukipiga chafya, "Taratibu." Mumewe anasema hata alipomposa alijibiwa hivyo hivyo, akasubiri mpaka mvi zikamchungulia.

Chumba chake kilijaa mabango ya matangazo na karatasi za kufungia sabuni za enzi hizo. Wanafunzi walifungua mlango kuulizia choo tu.

Siku moja mkuu wa chuo akaingia, akazitazama kuta kama mtu anayepima pazia.

"Dada, wanafunzi wasipoanza kuja muhula huu, hapa tunaweka mashine za mazoezi."

"Ya nini, mkuu?"

"Ya mwili."

Mama Taratibu alikitazama kitambi cha mkuu, akameza jibu. Usingizi ulimkimbia. Mabango yale yangeenda wapi, stoo ya mafagio?

Shemeji yake, fundi simu, ndiye aliyempa wazo. "Hao wanafunzi wanaishi ndani ya simu. Wafuate huko huko. Fungua maonyesho mtandaoni."

Akafungua. Ila mtunza nyaraka bwana! Kwake yeye, bango hujulikana kwa mgongo wake, palipo muhuri wa mpiga chapa na namba ya rafu. Kwa hiyo alililaza kila bango kifudifudi, akapiga picha ya nyuma kwanza. Alipomaliza migongo yote, akairusha hewani, za mbele zifuate baadaye.

Shemeji alifungua simu, akacheka mpaka akakaa chini. "Umewaonyesha watu visogo, shemeji. Kama picha ya harusi iliyopigwa na mtu wa kiti cha mwisho."

"Za mbele zinakuja."

"Na mashine za mazoezi nazo zinakuja."

Hapo moyo ukamshuka. Asubuhi akaenda kazini kama anayekwenda kuaga. Mlangoni akakuta kundi la wanafunzi wakibishana, simu mkononi.

"Mama, hili ambalo wino mwekundu umepenya mpaka nyuma, mbele kuna nini? Mwalimu wetu ameyaona maonyesho yako, ametuambia tukisie, tuchore, halafu tuje kuhakiki."

"Ni bibi harusi," akasema mmoja, mchoro wake tayari.

Mama Taratibu akaligeuza bango. Simba mwenye kofia nyekundu anapiga mswaki. Chumba kizima kikamcheka aliyechora bibi harusi.

Wiki hiyo mkuu alikuja na fundi wa kupima sakafu, wakakosa pa kukanyaga kwa wingi wa wanafunzi. Mkuu akaokota mchoro wa mtu, akatazama mgongo wa bango lililokisiwa, akauliza kwa sauti ya chini, "Hili ni la ndizi?"

"Kisia kwanza, uchore. Na foleni inaanzia kule."

Fundi akarudi na futi yake. Mashine zikatafutiwa ukumbi mwingine.

Walimu walipomsifu, Mama Taratibu aliwaambia kwamba tangu mwanzo alipanga migongo itangulie. Shemeji alikuwepo, akakohoa.

"Kunywa maji, shemeji," akamwambia, bila kumgeukia.