Gari Aliloliinua Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa malori pale Isaka mpaka presha ya macho ilipomtoa kazini. Akarudi nyumbani kwetu Nyasubi na pikapu kuukuu la diseli, akaliinua kwa mikono yake mwenyewe: springi ndefu, tairi pana, tumbo la gari likawa juu ya mawe yote ya njia ya Mwakitolyo. Dereva nilikuwa mimi. Siku tatu kwa wiki niliwapeleka machimboni akina mama wanaowauzia wachimbaji nyanya na dagaa.

Gari lilianza kutetemeka asubuhi moja kwenye barabara ya vumbi. Niligonga shimo dogo tu, la kawaida. Ghafla magurudumu ya mbele yakaanza kucheza kushoto kulia, upesi mno, stelingi ikanichoropoka mikononi na kunipiga kidole gumba. Mama aliyekaa mbele pamoja nami, trei la mayai mapajani, alikuwa analiita jina la Yesu. Nilikanyaga breki. Gari lilipokaribia kusimama ndipo likatulia, kana kwamba halijafanya kitu.

Mama yule akashuka, ute wa mayai ukimchuruzika kwenye kanga.

"Mwanangu, mimi naishia hapa."

"Mama, bado ni mbali."

"Nimeona. Nitatembea."

Na kweli akatembea. Wenzake wa nyuma walibaki, maana hawakuwa na namna nyingine.

Jioni nilimweleza baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilimwona akikaa wima kwenye kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu macho yaanze kuzima. "Ni tairi, mayu," akasema. Aliniita hivyo siku zote, kwa Kisukuma, kama anayemwita mama yake.

Tulisawazisha tairi. Likatetemeka. Tukabadilisha dampa ya stelingi, ile inayomeza mtikisiko, wiki moja likawa zima, wiki ya pili likarudia vibaya zaidi. Ndipo baba alipojilaza chini ya gari, mimi nikiwa juu, injini ikiunguruma. "Zungusha kidogo, kushoto, kulia, usifike mwisho," aliniagiza. Kwa kuwa hakuona, alishika kila kiungo kwa vidole na kungoja ahisi palipolegea. Alisema bushi za kile chuma kinachozuia ekseli isihame pembeni zimekwisha, nikanunua nyingine. Tukapiga jeki, nikalitikisa gurudumu juu na chini, akasema beringi ziko sawa. Kila siku aliamka na wazo jipya. Alikula vizuri. Aliniuliza maswali mpaka chakula kikapoa.

Mimi nilikuwa nimechoka. Kila nikikaribia shimo mikono ililowa jasho, na nyuma yangu wamekaa watu wanane, wengine na watoto mgongoni.

Siku moja nikamwambia, "Baba, leo kaa wewe kwenye stelingi. Nitaingia mimi huko chini."

"Utaona nini huko?"

"Nitaona tu."

 Akapapasa mlango, akapanda, akakaa muda kabla ya kuanza kuzungusha.

Nilitazama kiungo kimoja kimoja. Vyote vilitulia. Nikatazama stelingi boksi, pale ilipofungwa kwenye chesisi, ule mhimili wa chuma unaobeba gari zima, nikaiona yenyewe inasogea. Nyuma yake palikuwa pamepakwa grisi nene, mahali ambapo grisi haina kazi. Nikapangusa kwa tambara. Chesisi ilikuwa na ufa mrefu kama kiganja changu, umepita katikati ya alama mbili za zamani za kuchomelea. Kila baba akizungusha ulifunguka, kisha ukajifunga. Kwenye grisi niliyoibandua palikuwa na alama za vidole.

"Baba, chesisi imepasuka."

Stelingi ikasimama.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku ile ya kwanza kulala hapo chini."

Nilitoka nikiwa na udongo kichwani. Nilisimama penye mlango wa dereva. "Umenipakiza mimi na wake za watu, na watoto wao, baba. Huku unajua."

Alitazama mbele, kwenye kioo asichokiona. "Chuma hicho kimeliwa. Nilikichomelea mara mbili macho yangu yakiwa bado yanaona kidogo, hakishiki tena. Ningekuambia, gari lingekufa siku hiyohiyo. Na likishakufa, mayu, nani ataniuliza kitu tena?"

Nilitaka kumpiga. Mungu anisamehe, mkono wangu ulinyanyuka, na yeye hakuuona.

Fundi wa kuchomelea alikuja kesho yake, akachungulia, akakataa hata kufungua begi lake. Nilitoa betri, nikalipandisha gari juu ya mawe. Akina mama wakatafuta usafiri kwingine. Yule wa mayai sikumwona tena, na sikujua ningemwambia nini.

Sasa nauza nguo sokoni, ninapopata mzigo. Baba anashinda ndani. Asubuhi namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, halafu nachukua mkoba wangu, naondoka. Zipo siku natafuta kitu cha kumuuliza, chochote, hata namna ya kufunga bawaba ya dirisha. Nafika mlangoni kwake na swali langu, namkuta amegeukia ukutani, nalo halinitoki mdomoni.