Nyumba ya Butula

Mume wangu alianza kuijenga nyumba yetu ya Butula tukiwa bado chuoni, kabla hata hajaniposa. Aliijenga kwa mdomo. Pesa za mkopo wa wanafunzi zikiingia, wenzake walikimbilia viatu na redio, yeye alinunua unga, akaweka kiasi kando, akaniambia, "Hii ni ya nyumba." Chapati tuligawana moja. Nilimcheka, lakini nilimpenda kwa hilo.

Baadaye akapata ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani Malaba, nami nikaajiriwa kufundisha shule ya msingi. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya maegesho ya malori, ambapo injini hazikunyamaza. Kila mwisho wa mwezi sehemu ya mishahara yetu ilikwenda kwenye sacco kabla hatujanunua hata chumvi. Haba na haba hujaza kibaba, alisema, mpaka watoto wakawa wanamwigiza. Nikitaka kiti kipya, jibu lilikuwa lile lile: kiti cha nini katika nyumba ya watu?

Mama mkwe hakuipenda hesabu hiyo. Kwetu, mwana aliyeoa haruhusiwi kulala chini ya paa la mamake. Kwa hiyo kila Krismasi tulikwenda Butula, tukala, tukacheka, na jua likianza kushuka tukarudi Malaba kama wageni.

"Jenga hata ya udongo," mama alimwambia. "Mwanaume bila nyumba ako nje."

"Mama, nitajenga mara moja tu. Nikistaafu. Ya matofali, iko na veranda."

Pesa za kujenga ya udongo zilikuwepo. Ila aliona ni hasara kujenga leo na kubomoa kesho. Nami nilimuunga mkono, kwa sababu nilikuwa nimeshachagua jiko litakaa upande gani.

Mwaka niliostaafu mimi, yeye akiwa amebakiza miezi michache, alianguka kazini na hakuamka.

Shemeji yangu, mdogo wake, alinikuta mochari. "Shem, mwili haiwezi ingia kwa mama, na haiwezi lala nje. Lazima tumjengee kwanza."

"Na pesa?" Karibu akiba yetu yote ilikuwa kwa jina lake, na ofisi ya sacco ilitaka hati za urithi kabla ya kutoa hata senti.

"Watu watachanga."

Wakachanga. Mtu ambaye hakuwahi kumkopa jirani hata kiberiti alijengewa kwa mchango: nyumba ya mabati, vyumba viwili, mlango haujapakwa rangi. Mafundi walikuwa bado wanapigilia misumari gari la maiti lilipoingia bomani. Mazishini watu walisimama mmoja mmoja wakimsifu kuwa alikuwa mtu wa mipango. Nilitamani kuwanyamazisha. Nilimkasirikia, na hata leo kuna siku namkasirikia.

Akiba ilitoka baadaye. Kibaba kilikuwa kimejaa kweli, matofali na veranda na chenji. Watoto wananihimiza nibomoe haya mabati nijenge ile aliyoitaka baba yao. Nawaambia bado.

Humu ndimo lilimowekwa jeneza lake mkesha wa mazishi, nami nikatandika mkeka kando yake. Miaka yote ile ya kuweka akiba, ule ndio usiku pekee mimi na yeye tuliowahi kulala kwetu.