Kanzu ya Mwalimu na Umri Wangu

Umri wangu haujulikani, na mtu asinionee huruma, maana sijawahi kuuhitaji. Ni mara moja tu ulihitajika, wakati wa ile vita ya pili, mji wetu wa Eldoret bado wazee wakiuita Siksti Foo, sitini na nne, kwa namba ya shamba ulikoanzia. Siku hiyo nusura unipandishe kwenye lori la mtu.

Baba alikuwa fundi cherehani. Aliwashonea Makaburu suruali za kaki, na mimi nilikaa ubavuni mwake nikishona vifungo, kisha mikono, kisha nguo nzima. Niliipenda ile cherehani kuliko chakula. Basi siku moja baba mdogo akatuletea habari za rafiki yake wa Kitale, mwenye lori, aliyefiwa na mke na sasa anatafuta mwingine.

“Huyu bado mtoto,” mama akasema.

“Mtoto gani? Alizaliwa reli ilipofika!”

“Shemeji, reli ilifika mimi sijaolewa. Huyu ni wa mwaka wa nzige.”

Kwa hesabu ya reli nilikuwa mwanamke anayeanza kuchacha. Kwa hesabu ya nzige nilikuwa wa kutumwa chumvi dukani. Baba, ambaye maneno yake yalikuwa machache kuliko meno ya kuku, aliendelea kukanyaga cherehani.

Akaitwa mwalimu wa madrasa atuamulie. Alikuja Ijumaa, akanywa chai, akaanzia Madina. Alisema jambo hili wanavyuoni wa zamani walilibishania sana. Wako waliotazama mwili: akibaleghe, basi. Imamu mmoja wa mji wa Kufa, kule Iraki, alisema msichana asiyeonyesha dalili angojewe mpaka kumi na saba. Wengine wakasema mwili hautoshi, akili nayo ijaribiwe, aonekane kama anaweza kutunza mali. Baba mdogo hakukubali kuachwa nyuma. Akadai kwamba yeye anajua wanawake wa Madina waliolewa na umri gani, mmoja mmoja.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia. “Huyu aliyezaliwa hapa hapa, nyama ya akika yake mkaila wenyewe, umri wake umewashinda. Mtaujua wa watu wa Madina?”

Mwalimu alicheka mpaka chai ikamwagika. “Mama, umesema kweli. Nao hawakuandika. Walihesabu kwa vita na kwa njaa, kama ninyi na nzige wenu. Ndiyo maana hawakupatana.”

Basi akaamua nijaribiwe. Nipewe marekani, na kitambaa wakati ule wa vita kilikuwa kama dhahabu, nimshonee yeye kanzu. Ikitoka sawa, nimekomaa. Ikiharibika, mimi ni mtoto.

Wallahi nilifurahi! Kuharibu kanzu ni kazi gani? Mkono mmoja niliuishiliza kwenye kiwiko, na shingo nikaibana hata paka asingepita.

Ijumaa iliyofuata mwalimu akaivaa mbele ya wote. Kichwa kiliingia, hakikutoka. Tukaona tarbushi imevimba chini ya kitambaa, mkono mmoja wazi unapapasa hewani, na sauti ikasema kutoka ndani: “Huyu... bado... ni mtoto.”

Nikashusha pumzi. Lakini baba mdogo alikuwa anachekelea, na hapo nikashtuka.

“Alhamdulillahi! Imamu wa Kufa si ndiye alisema mtu mzima huulizwa, na mtoto huamuliwa na walii wake, yaani baba yake? Kaka, toa neno, lori liko Kitale linangoja.”

Lo! Nilikuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Hasira zikanipanda, si hofu. Nikamvua mwalimu ile kanzu, nikachukua wembe, nikaketi katikati ya wanaume wale nikaanza kufumua. Mkono mfupi ukateremka, mrefu kama mwenzake, maana sikuwa na moyo wa kukata marekani ya vita. Nilikuwa nimeikunja kwa ndani. Shingo nayo ikafunguka. Nikajaza pini mdomoni, nikawa nazichomeka kwenye pindo moja moja.

Mwalimu aliigeuza ile kanzu, akaikagua ndani na nje. “Mjinga huharibu akidhani anatengeneza,” akasema. “Huyu ameharibu kwa makusudi, na mali ya watu hakuigusa. Amekomaa. Basi aulizwe. Binti, unamtaka mwenye lori?”

Nikanyamaza.

“Kanyamaza!” baba mdogo akaruka. “Kimya cha mwali ndiyo ridhaa yake! Mashahidi mmesikia!”

Hata mwalimu akaanza kutikisa kichwa kukubali. Mdomo umejaa pini, nikisema nitazimeza, na nisiposema naolewa. Nikazitema zote mkekani kwa kishindo.

“Simtaki! Simtaki wa reli, simtaki wa nzige! Ng'o!”

Baba mdogo aliinuka kwa ghadhabu kunijia, miguu mitupu, akazikanyaga. Alipiga yowe mpaka jirani wakaja. Mama alicheka akaketi chini. Mimi nilikuwa nalia, kwa sababu bado nilimwogopa mtu mmoja tu, aliyekuwa hajasema lolote tangu mwanzo.

Baba aliinuka kwenye kigoda chake mbele ya cherehani.

“Kaa hapa,” akaniambia. “Mimi macho yamechoka.”