Moyo wa Mzee Mihayo

Sikumwambia hata mke wangu haya. Nilikuwa mwalimu wa wanafunzi wa uganga hapa Tabora, na daktari wetu Mwingereza alikuwa akichunguza jinsi kazi za sulubu zinavyoathiri moyo. Alinituma kijijini na wanafunzi watatu kupima mapigo ya moyo.

Mzee Mihayo, aliyewahi kuwa mpagazi wa misafara ya pwani, alijitwisha gunia la mahindi akazunguka uwanja mara kumi. Nikamshika mkono, nikahesabu. Mapigo hayakuongezeka hata kidogo.

“Moyo huu umechoka,” nikawafundisha wanafunzi. “Hauwezi hata kushtuka.”

Nikaamuru alazwe kwenye machela, tumpeleke hospitali.

“Samahani mzee, usijitikise.”

“Haya, bwana mganga,” akajibu kwa upole.

Mwanafunzi mmoja alipochoka kubeba, nikampokea machela, huku nikimkaripia kwa uvivu wake. Hatukufika mbali, kizunguzungu kikaniangusha. Nilipozinduka, nilikuwa juu ya machela mlangoni pa hospitali, na Mzee Mihayo ndiye aliyeshika mbele.

Daktari akatoka. “Mgonjwa wa moyo yuko wapi?”

“Ni huyu, bwana,” mzee akajibu, akininyooshea kidole. “Nimempima njiani. Wake unashtuka vibaya.”