Matundu Manne ya Kibao cha Shaba

Kwenye ukuta wa banda la boti, juu kidogo ya bomba la maji, palikuwa na tangazo la rangi nyekundu: WAFANYAKAZI HAWARUHUSIWI KUPANDA VYOMBO. Kila lilipofifia, aliyepewa burashi alipake upya alikuwa Msasa. Alilipaka mara tatu katika miaka kumi na tisa, na mara zote tatu alihakikisha herufi zimenyooka, maana hata tusi alilotukanwa yeye mwenyewe hakupenda liandikwe ovyo.

Jina la Msasa alipewa na walinzi wa lango, likamkaa kama ngozi. Viganja vyake vilikwaruza kitambaa, na ulimi wake nao haukuwa pamba. Katika daftari la klabu aliandikwa "msafishaji". Uongo ulianzia hapo. Msafishaji gani anayejua kupima dawa ya kugandisha gundi ya resini kwa kuangalia tu jua limekalia wapi? Msafishaji gani anayegonga ubavu wa boti ya faibaglasi kwa mpini wa bisibisi, akainamisha sikio, akasema, "Hapa pazima, hapa pameachana, hapa maji yameingia"? Palipo pazima husema ko. Palipooza husema bu. Ufundi huo aliuiba kwa macho kutoka kwa fundi mmoja mgeni aliyekuja kwa mwezi mmoja akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo kila boti iliyojipasua kwenye mawe ililetwa kwa Msasa, ikatoka nzima, na mwenye boti akaenda ofisini kumshukuru katibu.

Na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuketi ndani ya boti hata moja ikiwa majini. Aliyajua matumbo yao yote, lakini hakujua yanatetemekaje upepo ukilishika tanga. Hakutaka jingine. Alitaka siku moja ashike usukani kwa mkono wake mwenyewe.

Boti iliyomfungulia mlango huo iliuawa na kibao.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa na boti ndogo ya tanga, urefu wake kama hatua saba, ambayo wanawe walikuwa wameichoka. Akaitoa zawadi kwa klabu, na kwa kuwa zawadi isiyoonekana humuuma mtoaji, kikachongwa kibao cha shaba: ZAWADI YA MWENYEKITI KWA VIZAZI VIJAVYO. Asubuhi ya sherehe katibu alikuja bandani na keekee ya umeme na skrubu nne.

"Bwana Katibu, ngoja," Msasa alimwambia. "Hiyo sitaha ni kama mkate wa siagi. Faibaglasi juu, faibaglasi chini, katikati mbao nyepesi. Ukitoboa hivyo hivyo maji yatafuata skrubu yaingie kwenye mbao. Toboa kwanza tundu kubwa, nilijaze resini, ikauke, ndipo utoboe dogo katikati yake."

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka kesho."

"Mwenyekiti anafika saa tisa." Katibu akabonyeza keekee. "Wewe mama kazi yako kusugua. Sugua."

Akatoboa manne, moja baada ya jingine, na vumbi la mbao likamwagika mbele ya macho ya Msasa kama unga kutoka gunia lililochanika.

Maji hayana papara. Yalichukua miaka sita. Boti ikawa nzito, kisha ikawa mvivu, kisha siku moja mwanachama mmoja akakanyaga karibu na kibao na sitaha ikabonyea kama godoro. Kamati ikaketi, ikanywa chai, ikaandika kwamba boti imechakaa kutokana na umri. Umri! Boti ile ilikuwa changa kuliko nusu ya boti zilizokuwa zikielea pale. Kibao walikifungua, wakakifuta kwa kitambaa laini, wakakihifadhi ofisini. Boti wakaisukuma nyuma ya vyoo.

"Nipeni mimi," Msasa akasema.

Katibu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Chukua, utupunguzie uchafu."

Lakini pale klabuni hata ndoo kuukuu haikupita langoni bila hati. Mlinzi alikataa kata kata, kwa hiyo katibu akalazimika kurudi mezani kujaza karatasi. Kitu: takataka. Idadi: moja. Hairudi. Akaweka sahihi, akagonga muhuri. Msasa aliikunja karatasi ile mara mbili, akaitia kwenye pochi ya kitambulisho chake.

Mkokoteni ulipoingia uani kwake, shemeji yake alikuwa amekaa mlangoni akinyoosha turubai. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi cherehani wa viti vya magari, na tangu msiba ule alikuwa nguzo ya nyumba hiyo na kero yake pia.

"Shemeji, umetuletea beseni la kuogea ukoo mzima?"

"Nimekuletea jeneza. Njoo ulale tulipime."

"Mbona limeshaoza kabla yangu?"

"Ndiyo maana nimekuchagulia. Mtafanana."

Jumamosi na Jumapili, miezi minane. Kabla ya kuwasha mashine ya kusaga alijipaka poda ya watoto mikononi na shingoni, ili vumbi la vioo lisimchome. Jioni alioga maji ya baridi kwanza, maana ya moto hufungua ngozi na vioo vikakaribishwa ndani kama wageni. Alikata ngozi ya juu ya sitaha pale kibao kilipokuwa, kipande cha duara kama sinia, akakiinua. Mbao ya chini yake ilikuwa nyeusi, laini, inanuka kisima kilichosahauliwa. Aliichota kwa kijiko. Uozo ulikuwa umetambaa kutoka kwenye yale matundu manne na kuenea kila upande, kama chai iliyomwagikia shuka. Kila alipopima ulikoanzia, aliishia kwenye tundu.

Kile kipande cha duara hakukitupa. Alikipiga msumari ukutani, na matundu yake manne yakawa yanamtazama kila akila.

Akakausha kwa siku kumi chini ya jua. Akaweka mbao mpya, akalaza vitambaa vya faibaglasi tabaka juu ya tabaka, resini akiichanganya kidogo kidogo ndani ya chupa zilizokatwa, maana ukichanganya nyingi siku ya joto hujichemkia yenyewe na kutoa moshi. Akasugua. Akapaka. Akasugua tena. Shemeji mtu alikuja kucheka akabaki kushona: tanga zima, kwa kitambaa cheupe kizito, mishono mitatu mitatu kwenye pembe.

"Mimi siogelei, nakwambia mapema," alisema huku ameuma uzi. "Hili tanga nalishonea wengine."

"Tulia. Utakuwa uzito wa kusawazisha boti. Mwenyezi Mungu hakukupa tumbo hilo bure."

Boti ilipokuwa tayari, imepakwa buluu, mlingoti umelazwa juu yake, Msasa alizunguka akigonga kwa mpini wa bisibisi. Ko. Ko. Ko. Mzunguko mzima, ko. Alipanga kuishusha majini Jumapili iliyofuata, si klabuni bali kule wanakofulia watu nguo, ambako hakuna tangazo.

Alhamisi alasiri, alipokuwa ametoka kazini, gari likasimama nje ya ua. Wakashuka Mwenyekiti, suti ya rangi ya mchanga, na katibu nyuma yake na mkoba. Klabu ilikuwa inatimiza miaka hamsini Jumamosi hiyo, na mlinzi, kwa fahari tu, alikuwa amewasimulia wenzake jinsi boti ilivyofufuka.

Mwenyekiti alitembeza kiganja kwenye ubavu wa buluu. "Mama, umefanya kazi nzuri sana. Klabu inajivunia. Hii boti ni urithi wetu. Tumekuja kuirudisha nyumbani."

"Nyumbani kwake ni hapa, mzee."

"Tusibishane. Utakuwa mgeni wetu. Utatajwa kwenye hotuba."

Tusimcheke Msasa kwa kilichompitia moyoni. Mtu aliyekaa miaka kumi na tisa bila kutajwa hulewa kwa tone. Aliwaza: siku moja tu, wanione, kisha niirudishe. Akauliza, taratibu, "Na nani atashika usukani?"

"Mimi," Mwenyekiti akajibu, kama mtu aliyeulizwa jua hutokea wapi.

"Na mimi?"

"Wewe utasimama pale bandani. Karibu kabisa na mpiga picha."

Shemeji mtu alisimamisha cherehani, na Msasa akasikia sauti ndogo, kwaru, kwaru. Akageuka. Katibu alikuwa ametoa kibao mkobani, amekilaza juu ya sitaha mpya, na kwa penseli alikuwa anaweka alama kwenye pembe. Alama nne. Pale pale. Kando yake, keekee.

Hebu fikiri. Hakuwa mtu mbaya sana, yule katibu. Alipeleka watoto shule, aliamkia wazee. Aliua boti kwa skrubu nne, akaiita takataka, akaambiwa imefufuka, na jambo la kwanza alilofikiria kuja nalo lilikuwa skrubu nne.  Msasa alikwenda ukutani, akang'oa kile kipande cha duara, akarudi, akasogeza kibao kando, akakilaza kipande juu ya alama za penseli. Tundu juu ya nukta, tundu juu ya nukta, mara nne, bila kupishana hata unywele.

"Bwana Katibu," alisema, "hili ndilo lililoiua. Nilikwambia siku ile. Ukaniambia nisugue."

"Kibao hakiwezi kuozesha boti," Mwenyekiti akasema.

"Chako kiliweza."

"Mama, chunga ulimi! Boti hii ni mali ya klabu."

Msasa akafungua pochi, akakunjua karatasi. Mwenyekiti aliisoma, akaisoma tena, akamgeukia mwenzake. "Takataka? Zawadi yangu uliandika takataka? Hii sahihi ni yako?"

Katibu akaanza kurudisha kibao na keekee mkobani.

"Tena kaandika hairudi," shemeji mtu akachomekea kutoka kwenye cherehani. "Mwandiko wenyewe mzuri, kama wa mwalimu."

Mwenyekiti alirudisha karatasi. Sauti yake ikashuka, na hapo ndipo ikawa ya hatari. "Sawa. Basi chagua. Ukibaki na boti, Jumatatu usije kazini."

Kazi ile ilikuwa imesomesha watoto wawili. Mmoja alikuwa bado chuo cha uuguzi. Msasa aliliwaza hilo, asidanganye mtu kwamba hakuliwaza.  Kisha akakiinua kile kipande, akachukua kitambaa, akakitia mate, akafuta nukta za penseli. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Nitawarudishia ovaroli mlinzi akipita," alisema. "Nitakuwa nimeshaifua."

Mwenyekiti alitoka akipiga hatua ndefu. Katibu alibaki nyuma akihangaika na mkoba uliokataa kufunga, na shemeji mtu akamshikia upande mmoja.

Baadaye klabu iliajiri wanaume wawili kufanya kazi yake, na katika daftari wakawaandika mafundi. Mafundi! Mlinzi ndiye aliyeleta habari hizo, kwa aibu, kama vile aliwaandika yeye. Msasa alicheka mara moja, kicheko kikavu, akaenda kutafuta rangi iliyobaki. Kile kipande cha duara akakigeuza, akaandika kwa herufi zilizonyooka FUNDI WA FAIBAGLASI: MATANGI, BAMPA, BOTI, akakitundika langoni kwake kwa waya uliopita kwenye matundu mawili. Mengine mawili yakabaki kupitisha upepo.

Lakini kabla ya hayo, boti iliingia majini Jumapili ile ile aliyoipanga, mbele ya wafua nguo na mbuzi mmoja. Shemeji mtu alikuwa amevaa maboya mawili, moja juu ya jingine.

Upepo ulipolishika tanga, boti ililala ubavu na Msasa akapiga yowe. Alijaribu kugeuza ikasimama kati, tanga likipigapiga kama nguo kambani. Alijua kila kitambaa kilichomo ndani ya ubavu ule, lakini kugeuza hakujua; nani angemfundisha?

"Shemeji, tunarudi nyuma!" fundi cherehani akalia. "Boti imekukataa, mwombe radhi!"

"Nyamaza, sukuma hilo tanga kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Wote tumeelekea huku huku, mjinga wewe!"

Akasukuma. Pua ya boti ikazunguka polepole, tanga likajaa pwaa, na usukani ukaanza kutetemeka kwenye kiganja cha Msasa, tetemeko dogo, la mfululizo, kama koo la paka. Aliushika hivyo hivyo, bila kukaza. Kwa mkono wa pili akatoa bisibisi mfukoni, akainama, akagonga sitaha karibu na goti la shemeji yake.

"Imesema nini?" shemeji mtu akauliza, macho kayafumba.

Msasa akampa bisibisi. "Gonga usikie mwenyewe."