Kiu ya Jumbe Pazi

Mbele za watu, Jumbe Pazi wa milimani juu ya Bigwa alinguruma. Moyoni alikuwa mwoga kuliko kunguru. Kila askari wa Mjerumani alipopanda kudai watu wa kujenga reli, Pazi aliyataja majina ya majirani zake kwa ukali, jasho likimtiririka mgongoni. Usiku hakulala. Hofu ilipopanda, kiu nayo ilipanda. Akanywa, akatoka kukojoa, akarudi kunywa. Mkewe, Pili, alimpikia togwa tamu atulie, maana ndivyo walivyomtuliza mwenye mawazo. Alikula, akanywa, akazidi kukonda.

Siku moja barazani askari alinyanyua kiboko, kuonyesha tu. Pazi akajikojolea. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ina kazi zake.

Kesho yake Dadi, mtani wake, mtu wa ukoo ulioruhusiwa kumcheka hata msibani, alipita pale barazani akakuta sisimizi wamejazana palipolowa.

“Jumbe wetu ana mkojo wa asali,” akatangaza. “Kumbe si mwoga, ni mgonjwa.”

Watu wakamwonea huruma. Pazi naye akaipokea huruma ile kwa mikono miwili, akaomba kupumzishwa. Kwa desturi ya Waluguru, cheo cha ujumbe kingekwenda kwa Hatibu, mtoto wa dada yake.

Pazi akakaa shambani. Togwa hakuacha, lakini usingizi ulimrudia, na kiu ikapungua hata mtungi ukalala na maji. Hapo akaelewa, na kuelewa kukamtia aibu kuliko ile ya barazani: hofu ndiyo iliyoufungulia ugonjwa mlango.

Kabla Hatibu hajavishwa kilemba, Mwaisha, dada yake Pazi, alikuja.

“Kaka, wewe umeishika kazi hii. Haitamla mwanangu?”

Mficha uchi hazai, nasi tunajua. Lakini uchi wa Pazi ulikuwa woga, na kuufunua mbele ya dada yake mdogo, aliyemwita simba tangu utotoni, hakuweza. Alijichukia hata kabla hajafungua kinywa.

“Mimi niliponzwa na togwa, dada. Kazi yenyewe haina neno.”

Mwaisha akashusha pumzi. Akamshika kaka yake mkono, akamshukuru kwa kumwambia kweli, akaenda kumwandaa mwanawe.